Mvua ya Alfajiri Bukoba

Meli ya Mwanza hung'oa nanga usiku na kuingia Bukoba asubuhi, na katika majira ya vuli mara nyingi huingia pamoja na mvua. Hilo lina sababu yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto la mchana. Hewa iliyopoa huteremka kutoka kingo zote za ziwa, hukutana katikati, huisukuma juu ile yenye vuguvugu na mvuke, na usiku ukizidi kwenda mawingu ya radi hujengeka juu ya maji. Kisha pepo za mashariki huyasogeza kuelekea magharibi, na huko ndiko iliko Bukoba. Abiria na mawingu wamevuka ziwa lilelile, usiku uleule, na asubuhi wote wanatua mji mmoja.

Tuseme wawili kati ya abiria hao ni mke na mume kutoka Dodoma. Wamekuja Kagera kwa mara ya kwanza kwa ajili ya harusi ya ndugu huko Muleba, ni mwezi wa Novemba, na wana siku moja tu ya kutembea. Wamebeba mwavuli mmoja. Kwao Dodoma mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Bukoba hupata karibu 2,000. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi ikipimwa kwa mapipa, maana milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Tandika Dodoma mkeka wa mita moja kwa mita moja, uuache mwaka mzima: maji yatakayouangukia hayajazi mapipa matatu ya lita 200. Utandike Bukoba, yatajaza kumi.

Kabla hawajaondoka gatini, mume anageuka kulitazama ziwa. Watu wa umri wake wanaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo MV Bukoba, ikitoka katika mji huu kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Karibu kila ukoo wa Kagera una jina la mtu aliyekuwa ndani ya meli ile, na mgeni akikaa na wenyeji kwa muda, habari hiyo huja yenyewe.

Mvua bado inamwagika. Mgeni wa nchi kavu akiona mvua ya namna hii hudhani kwamba siku imekwisha kuharibika. Mwenyeji wa Bukoba hana haraka. Anajua kwamba mvua ya mawingu yaliyotoka ziwani hupenda asubuhi, na kwamba mara nyingi kufikia mchana huanuka. Kwa hiyo ratiba nzuri ya mgeni ni kufuata saa ya mvua: asubuhi akae chini ya paa na kuyatazama yaliyo ndani, mchana atoke.

Paa la kwanza ni la mkahawa, na katika mkahawa kuna jambo la kujifunza. Kagera ndiyo inayoongoza Tanzania kwa kahawa ya robusta, na mji huu una kiwanda cha Tanica, kinachotengeneza ile kahawa ya unga wa kuyeyuka ambayo Watanzania wengi wameikuta kabatini kwa mama zao. Lakini Wahaya walikuwa na kahawa kabla ya mkoloni, wala hawakuinywa. Waliitafuna. Buni huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni akifika hupewa punje chache mkononi kabla ya maneno mengine yoyote. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjana walikula kiapo chao kwa buni, na Wakama, yaani wafalme wa Buhaya, ndio waliosimamia nani apande mibuni. Kahawa ya kutafuna ingali inauzwa sokoni hadi leo. Mke anaijaribu: ni kavu, chungu kidogo, na ladha yake hukaa mdomoni muda mrefu kuliko ya kikombe.

Kutoka hapo hadi kanisa kuu la Katoliki si mbali. Ndani amelala Laurean Kardinali Rugambwa, aliyezaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Kamachumu, katika wilaya ya sasa ya Muleba. Mwezi Machi 1960 Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika zama hizi. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Tufikirie maana yake kwa mtu wa wakati ule: mwana wa vilima vya Kamachumu anaingia katika baraza linalomchagua papa, huku nchi yake ingali chini ya gavana Mwingereza. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997 akazikwa Kashozi, misheni kongwe iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa hapa. Mji huu mdogo ulimlea pia Askofu Josiah Kibira wa Kilutheri, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Watanzania huwatania Wahaya kwa neno "nshomile", yaani nimesoma. Mgeni akisimama mbele ya kaburi hili huona kwamba shule ya mahali hapa imekuwa na uzito wake.

Majengo nayo yana habari ya kusimulia. Tarehe 10 Septemba 2016, mchana, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya, zikajengwa upya. Mtu akizipita leo na kuona kuta mpya, asidhani ni shule changa.

Karibu saa tano mvua inakuwa manyunyu, na wawili wetu wanateremka kuelekea ziwani. Huku ndiko mji ulikoanzia. Novemba 1890, Emin Pasha alifika na kuweka kituo kwa niaba ya Wajerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alikuwa daktari na mkusanyaji mahiri wa ndege na wadudu, na kabla ya hapo alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudani. Hakukaa Bukoba sana. Mwaka 1892 aliuawa Kongo. Kituo alichokiacha kikakua na kuwa boma, bandari na mtaa wa maduka, na lile jengo kongwe linaloitwa Duka Kubwa lingali linaonyesha mahali ambapo wenyeji walianza kuzoea sarafu na kaunta.

Wajerumani walisimamisha mnara wa simu ya upepo, na mnara huo ukawaletea vita. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu kwa meli, yakashuka karibu na mji, yakapigana siku mbili, yakauangusha mnara, na mji ukaporwa. Miongoni mwa wapiganaji alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mwenye umri wa miaka 63, ambaye jina lake lilipewa pori la akiba ambalo kila mtoto wa shule Tanzania amelisikia. Baada ya ushindi huo Waingereza walirudi Kisumu. Watu wa Bukoba ndio waliobaki na maduka yaliyovunjwa.

Mbele kuna kisiwa cha Musira, jabali kubwa linalotoka majini kama paa la nyumba iliyozama. Katika enzi za Wakama watu waliokosa walipelekwa huko wakatengwa na jamaa zao. Siku ya jua mgeni huchukua mtumbwi wa injini na kufika. Siku ya mvua ni bora kubaki ufukweni, kwa sababu upepo wa ziwa hubadilika ghafla na wavuvi wenyewe huuheshimu. Basi wanatembea hadi Nyamukazi, kwenye Makumbusho ya Kagera, ambako vyombo vya nyumba za Kihaya vimewekwa pamoja na picha za wanyama wa mkoa huu.

Nyamukazi ni jirani ya uwanja wa ndege, na uwanja huo umekaa ukingoni kabisa mwa maji. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa imekaribia njia ya kutua. Ndani walikuwamo watu 43. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kushiriki kuufungua mlango wa ndege. Baadaye serikali ikaagiza apewe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu 24 waliokolewa na 19 walifariki. Mke na mume wanasimama hapo kimya, mwavuli umekunjwa, wakitazama maji ambayo sasa hivi yametulia.

Mchana wanarudi mjini kula. Ndizi za kupika zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, maharage, na sato wa ziwani. Mtu aliyezoea ugali hushangaa kwanza, kisha huomba kuongezewa. Ndizi hapa si jina la kitu kimoja. Zipo za kupika, zipo za kuchoma, zipo za kuivisha na kula bila kupika, na zipo zinazokamuliwa zikawa rubisi, pombe ya harusi na matanga. Mhaya akitazama mgomba hukutajia kama ni entobe au enshakala kabla hujaona tofauti yoyote. Huko Maruku, karibu na mji, kituo cha utafiti wa kilimo kimeutumikia mgomba kwa miaka mingi, na kazi yake ikawa nzito zaidi baada ya mwaka 2006, ulipoonekana wilayani Muleba ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria. Mgomba ulioambukizwa hunyauka, ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Dawa yake hakuna. Kinga ni kung'oa, kusafisha kisu kwa moto, na kukata ua dume la mkungu kwa kijiti chenye panda.

Mvua imeanuka kabisa, na sasa ni safari ya Muleba. Barabara ya lami inaelekea kusini, na kwa gari la abiria, yale madogo ambayo watu huyaita michomoko, si safari ndefu. Mume anataka dirisha. Anachokiona ni kijani tupu: migomba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni. Anasema nchi hii imebarikiwa mvua.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea, na kosa hilo linastahili kukaliwa kidogo. Mvua nyingi kiasi hiki hairutubishi ardhi. Huiosha. Maji yanaposhuka chini ya udongo huchukua chumvichumvi na virutubisho vyote vinavyoyeyuka, na katika ukanda huu wa ziwa udongo ulioachwa peke yake ni mwekundu, mchachu na maskini. Ushahidi uko kando ya barabara. Katikati ya vijiji mtu huona maeneo mapana ya nyasi, yanayoitwa rweya, yanayopata mvua ileile na jua lilelile na bado hayazai mgomba hata mmoja. Hatua kumi kutoka hapo kuna kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilichonona, udongo wake mweusi.

Tofauti ni mikono ya watu. Kwa vizazi vingi Wahaya wamekuwa wakikata nyasi za rweya, wakizifunga, wakizibeba kichwani na kuzitandaza kibanjani. Waliofuga ng'ombe waliwalisha nyasi hizo na kupeleka samadi kwenye mashina. Maganda ya ndizi, majivu, majani makavu ya mgomba, vyote vinarudi chini. Udongo mweusi wa kibanja cha babu umetengenezwa, tena umetengenezwa kwa kushindana na mvua. Ndiyo maana kibanja hakiuzwi kirahisi, na ndiyo maana wazee huzikwa ndani yake. Na ndiyo maana pia ng'ombe wanapopungua na vijana wanapohamia mijini, migomba hukonda hata kama mvua haijapungua tone. Mgeni anayepita kwa gari akiona kijani akasema ni zawadi ya mbingu, amewadhulumu waliokibeba kichwani.

Kabla ya kufika mbali kuna njia ya kwenda Katuruka, upande wa Maruku. Hapa Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani aliyeanza kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alifuata simulizi za wazee juu ya ikulu ya Mukama Rugomora Mahe na mti mtakatifu, akachimba, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Wazee waliokuwa wangali na ujuzi walimjengea tanuri mfano, wakaonyesha jinsi mabomba ya udongo yalivyoingizwa ndani kabisa ya moto ili hewa ipate joto kabla haijafika kwenye makaa. Yeye na mwenzake Donald Avery waliyaandika hayo katika jarida la Science mwaka 1978. Simulizi ya wazee ndiyo iliyomwonyesha mtaalamu pa kupiga jembe. Jambo hilo lisimuliwe kila mara Katuruka inapotajwa.

Wilaya ya Muleba ina vilima na mbuga za nyasi, na barabara ya Kamachumu hupanda hadi juu ya uwanda ambako ziwa huonekana chini, mbali, rangi ya bati. Huku ndiko kwa Kardinali Rugambwa. Huku pia iko Kashasha, kijiji ambako tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio, kikaenea. Kufikia Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Waliporudishwa makwao kikawafuata: katika kijiji cha Nshamba watu 217 waliugua. Madaktari walipima damu, chakula na maji wasione sumu wala wadudu wa ugonjwa, wakahitimisha kwamba ni mfadhaiko uliosambaa kutoka mtu hadi mtu. Watoto wale hawakuwa na furaha. Walikuwa wanateseka, wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Duniani kisa hiki hutajwa kama kichekesho, na hilo ni kuwakosea wasichana waliotaabika katika bweni chini ya miezi miwili tu baada ya uhuru.

Na iko Kaboya. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Oktoba 1978 na kuteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, kisha daraja la Kyaka likavunjwa, mkoa huu, ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi, ndio uliobeba mzigo wa mwanzo wa vita. Askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo, zaidi ya 600, wamelala Kaboya kwa safu zilizonyooka. Mke wa Dodoma anapita polepole katikati ya makaburi. Hawa hawakuwa watu wa Kagera peke yake. Walitoka kila mkoa. Nyasi zimelowa, na maji yanachuruzika kwenye saruji.

Giza linaingia wakiwa Muleba mjini. Nyumba ya harusi ina taa na turubai, wanawake wanamenya ndizi, na wageni wanapokewa kwa "karibu waitu" na mikono miwili. Nyuma ya nyumba vijana wamesimamisha mabati yaliyoegemezwa juu ya mapipa, na juu yake taa kali inayowaka kuelekea mbinguni. Ni mtego wa senene. Wadudu hao, wa kijani na wa kahawia, huruka kwa makundi usiku katika miezi ya mvua, hasa Novemba, huvutwa na mwanga, hugonga bati na kuteleza ndani ya pipa. Usiku mmoja hawaji kabisa, usiku wa pili wanashuka kama mvua nyingine.

Saa tatu wanakuja. Mlio wao juu ya bati unafanana na manyunyu ya asubuhi, na mgeni kutoka Dodoma ananyoosha kiganja chini ya taa kuona kama ni maji. Baadaye anapewa kigoda, beseni na maelekezo: mabawa kwanza, kisha miguu, kisha chumvi na kikaango bila mafuta, maana senene ana mafuta yake. Mume wake anakaa kando yake na beseni la pili. Huko ziwani, umeme wa radi umekwisha kuanza kumulika.